Macho ya kompyuta: Yanavyofanya kazi kutoka nyanda za Lukenya hadi mkononi mwa mwananchi

KILIMA cha Lukenya, kilichoko kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa katika Kaunti ya Machakos, kinatazama nyanda za Athi na Kapiti ambako punda milia, twiga na swara wangali wanalisha jirani na viwanda vya saruji, nyumba mpya na nyua za waya. Kwa miaka mingi, aliyetaka kujua idadi ya wanyama wa nyanda hizo alilazimika kupanda ndege ndogo au gari, akahesabu kwa macho na kukadiria. Hivi leo kazi hiyo inaweza kufanywa kwa picha za watu wa kawaida, zikachambuliwa na kompyuta inayoweza kumtofautisha punda milia mmoja na mwenzake.

Teknolojia hiyo huitwa uoni wa kompyuta. Ni tawi la akili bandia linaloiwezesha mashine kupokea picha au video na kueleza kilichomo ndani yake. Haikuishia mbugani. Ndiyo inayofungua simu kwa kutambua uso wa mwenyewe, inayosoma nambari za magari barabarani, inayomwonyesha mkulima kwamba jani la muhogo lina ugonjwa na inayomsaidia daktari kutazama picha ya mapafu.

Matumizi hayo yote yana jambo moja linaloyaunganisha. Mashine haioni kama binadamu aonavyo, bali hulinganisha picha iliyo mbele yake na zile ilizofundishwa. Kwa hiyo manufaa na madhara yake hutegemea ilifundishwa kwa picha zipi, imeulizwa swali gani, na nani atakayewajibika inapokosea.

Kompyuta huonaje?

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la nambari. Kila picha imegawanywa katika vitone vidogo viitwavyo pikseli, na kila kitone kina nambari zinazoonyesha mwanga na rangi yake. Katika mfumo unaotumiwa sana, sufuri ni giza kamili na 255 ni mwanga kamili, na kila kitone cha picha ya rangi hubeba nambari tatu, za nyekundu, kijani na buluu. Picha ya simu yenye pikseli milioni 12 ni sawa na orodha ya nambari milioni 36. Kazi ya kompyuta ni kupata maana katika orodha hiyo.

Wanasayansi wa kwanza walidhani kazi hiyo ni nyepesi. Mwaka 1966, watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT), Marekani, walipanga mradi ambao ungewatumia wanafunzi wakati wa likizo ya kiangazi kujenga sehemu kubwa ya mfumo wa kuona. Likizo ilikwisha na kazi ikabaki. Jambo ambalo mtoto mdogo hulifanya bila kufikiri, kama kumtambua mbuzi aliyejificha nusu nyuma ya kichaka, liliwashinda wataalamu kwa miongo kadhaa.

Mafanikio yalikuja taratibu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Yann LeCun na wenzake waliifundisha kompyuta kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, na katika miaka ya 1990 mifumo ya aina hiyo ikawa inasoma hundi za benki nchini Marekani. Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walibuni njia ya haraka ya kutafuta nyuso ndani ya picha, njia ambayo baadaye ilitumika sana katika kamera ndogo zinazochora kisanduku kuzunguka uso wa mtu.

Mapinduzi makubwa yalitokea mwaka 2012. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, walishinda shindano la kutambua vitu katika picha lililotumia hazina ya picha iitwayo ImageNet. Mfumo wao ulikosea kwa asilimia 15.3, ilhali ule uliowafuata ulikosea kwa asilimia 26.2.

Mfumo huo haukupewa kanuni za kumtambua paka au gari. Ulionyeshwa zaidi ya picha milioni moja zilizokwisha kupewa majina, ukakisia, ukasahihishwa, ukakisia tena. Tabaka zake za kwanza hujifunza kutambua kingo na mistari, zinazofuata hujifunza maumbo, na za mwisho huunganisha maumbo hayo kuwa kitu kizima. Msingi huo ndio uliofungua njia kwa mifumo mingi ya leo.

Majina hayo ya picha hayajiandiki. Kwa miaka mingi, maelfu ya vijana katika Afrika Mashariki wamefanya kazi ya kuchora mipaka ya magari, watu na miti ndani ya picha ili mashine za ng'ambo zijifunze. Kampuni ya Sama, iliyoanzishwa mwaka 2008 kwa jina la Samasource, ilikuwa miongoni mwa zilizowaajiri watu wa kazi hiyo jijini Nairobi na mjini Gulu, Uganda. Gari linalojiendesha katika miji ya Marekani huenda lilijifunza kutambua mtu anayevuka barabara kutokana na alama iliyochorwa na kijana wa Nairobi.

Punda milia na mistari yake

Hakuna punda milia wawili wenye mistari inayofanana, na mabaka ya twiga ni vivyo hivyo. Watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton, Illinois mjini Chicago na Taasisi ya Rensselaer, wakiwemo Daniel Rubenstein, Tanya Berger-Wolf na Charles Stewart, walitumia ukweli huo kubuni programu za kumtambua mnyama mmoja mmoja. Programu iitwayo HotSpotter, iliyotangazwa mwaka 2013, hutafuta sehemu za mwili zenye alama za pekee, kisha huzilinganisha na picha zilizomo katika hazina.

Tarehe 1 na 2 Machi 2015, teknolojia hiyo ilijaribiwa katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Watu wa kujitolea walizunguka kwa magari wakiwapiga picha punda milia na twiga, na kompyuta ikazichambua. Makadirio yalikuwa punda milia wapatao 2,300, wakizidi au kupungua kwa mamia kadhaa, na twiga zaidi ya 100.

Hesabu yenyewe ni rahisi kueleweka. Tuseme siku ya kwanza wametambuliwa punda milia 100, na siku ya pili wakatambuliwa 100 wengine, ambapo 20 kati yao walikwisha kuonekana jana yake. Ikiwa moja kwa tano ya wale wa siku ya pili walijulikana, basi wale 100 wa siku ya kwanza ni kama moja kwa tano ya kundi zima, na kundi zima ni kama 500. Njia hii ni ya zamani, lakini awali ilimlazimu mtafiti kumkamata mnyama na kumtia alama. Sasa alama ni mistari aliyozaliwa nayo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Lukenya. Mbuga ya Nairobi imezungushiwa ua pande tatu, na upande wa kusini uko wazi ili wanyama waweze kutoka kuelekea Kitengela na nyanda za Athi na Kapiti, na kurudi. Njia hizo zimekuwa zikizibwa na ugawaji wa mashamba, nyua, barabara na majengo. Idadi peke yake haitoshi kuonyesha kwamba mahali fulani ni njia ya wanyama. Lakini punda milia yule yule akipigwa picha ndani ya mbuga, kisha akapigwa tena nje yake, huo ni ushahidi kwamba njia ingali inatumika. Kabla ya kiwanja kuuzwa au ua kusimamishwa, ushahidi wa namna hiyo unaweza kuwekwa mezani.

Majaribio ya Nairobi yalifungua njia kwa kazi kubwa zaidi. Tarehe 30 na 31 Januari 2016, wananchi, askari wa wanyamapori, wanafunzi na wanasayansi walipiga zaidi ya picha 40,000 katika kaunti za Isiolo, Laikipia, Marsabit, Meru na Samburu. Lengo lilikuwa kuwahesabu punda milia wa Grevy, ambao miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000 lakini wakapungua sana. Wapigapicha waliagizwa kupiga upande wa kulia wa mnyama, kwa kuwa mistari ya upande mmoja haifanani na ya upande wa pili. Idadi iliyopatikana ilikuwa 2,350. Picha hizo pia ziliwezesha kupima ni watoto wangapi wanaokua, na hesabu hiyo ikarudiwa mwaka 2018.

Macho ya binadamu nayo yana udhaifu wake. Utafiti wa Tsavo uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha watu wanaohesabu wanyama kutoka ndani ya ndege na kamera zilizofungwa kwenye ndege hiyo. Watu walipitwa na zaidi ya nusu ya twiga walioonekana baadaye katika picha. Lakini kamera huleta tatizo jingine, nalo ni maelfu ya picha zinazohitaji mtu wa kuzitazama.

Hapo ndipo kompyuta inapookoa muda. Katika Serengeti, Tanzania, kamera 225 zilizotegwa kuanzia mwaka 2010 zilizalisha mamilioni ya picha, ambazo watu wa kujitolea kote duniani walizipanga kupitia mtandao. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa picha milioni 3.2 za hazina hiyo iliweza kutambua spishi 48 kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 93. Muhimu zaidi, mashine ilipoachiwa picha ilizokuwa na uhakika nazo, na zenye utata zikapelekwa kwa watu, usahihi ulilingana na ule wa wanaojitolea.

Kuanzia mwaka 2016, Maasai Mara ilipata kamera zinazohisi joto, zilizounganishwa na programu inayotofautisha binadamu na mnyama gizani. Askari waliokuwa wakiwatafuta majangili usiku wakapata msaada ambao kurunzi haikuweza kuutoa.

Shambani na hospitalini

Kwa mkulima, uoni wa kompyuta umefika kupitia simu. Programu iitwayo Nuru ilibuniwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA). Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, na simu humweleza dalili ilizoziona. Programu hiyo inaweza kufanya kazi bila mtandao na huzungumza Kiswahili. Mwaka 2018 FAO iliitangaza kama silaha dhidi ya viwavijeshi vamizi, wadudu waliothibitishwa kuingia Kenya mwaka 2017 na kushambulia mahindi.

Msingi wake ni picha za majani ya mihogo zilizopigwa Tanzania. Utafiti wa mwaka 2017 ulipata usahihi wa asilimia 93 katika kutambua magonjwa kama batobato na michirizi kahawia pamoja na uharibifu wa wadudu.

Hata hivyo, watafiti hao hao walipoipeleka programu shambani na kuijaribu kwa vijani 720, matokeo yao ya mwaka 2019 yalikuwa funzo. Hata pale ugonjwa ulipokuwa wazi, kipimo cha ufanisi kilishuka kwa asilimia 32, kwa sababu mashine ilipitwa na majani mengi ambayo kwa kweli yalikuwa na ugonjwa. Jua kali, kivuli, vumbi na mkono unaotetemeka si mambo ya maabara. Ndiyo maana ni busara kukagua majani kadhaa ya mmea mmoja badala ya kutegemea jani moja, na kumwita afisa wa kilimo pale jibu lisipolingana na anachokiona mkulima mwenyewe.

Katika tiba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walibuni namna ya kufunga simu kwenye hadubini ili ipige picha ya damu na kuonyesha vimelea vya malaria. Hadubini zimo katika vituo vingi vya afya, lakini wataalamu wa kuzisoma ni haba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali programu za kompyuta zitumike badala ya binadamu kusoma picha za eksirei za kifua wakati wa kuchunguza kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Programu hizo huchuja tu. Anayeonekana kuwa na dalili bado anapaswa kupimwa makohozi kabla ya kuambiwa kwamba ni mgonjwa.

Mjini na barabarani

Mkazi wa Lukenya anayekwenda Nairobi anaweza kukutana na macho ya kompyuta mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Simu yake hufunguka kwa uso. Programu ya benki humtaka apige picha ya kitambulisho na ya uso wake, kisha huzilinganisha. Akielekeza kamera kwenye alama ya mraba ya QR, simu husoma maelezo yaliyofichwa humo. Akikuta maandishi ya lugha asiyoijua, simu huyatafsiri papo hapo.

Mifumo ya kusoma nambari za magari ilibuniwa nchini Uingereza mwaka 1976 kwa matumizi ya polisi, na leo hutumika hata katika maegesho. Nchini Kenya, mwaka 2014 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Safaricom wa kujenga mfumo wa mawasiliano ya polisi, uliojumuisha kamera zipatazo 1,800 katika miji ya Nairobi na Mombasa. Kamera peke yake hurekodi tu. Ikiunganishwa na programu ya kutambua nyuso, huweza kumfuata mtu mmoja kutoka mtaa hadi mtaa, kama vile punda milia anavyofuatwa kwa mistari yake.

Macho hayana pazia

Waswahili husema macho hayana pazia. Ya kompyuta hayana pazia wala haya, na hapo ndipo sheria inapohitajika. Punda milia hapotezi kitu akijulikana kwa mistari yake, bali huenda akaokolewa. Binadamu anayejulikana kila apitapo anaweza kupoteza uhuru wake.

Hatari ya kwanza ni makosa yasiyo sawa kwa wote. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha uchunguzi wa programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia kutokana na sura. Walitumia picha 1,270 za wabunge wa nchi sita, zikiwemo Rwanda, Senegal na Afrika Kusini. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Huenda mashine hizo zilikuwa zimefundishwa zaidi kwa nyuso nyeupe. Mfumo wa namna hiyo ukipewa kazi ya kumtambua mshukiwa katika mji wa Afrika, anayekosewa huenda akajikuta korokoroni.

Hatari ya pili ni kuchukuliwa kwa data ya mwili bila idhini ya kweli. Julai 2023, Wakenya wengi walipanga foleni jijini Nairobi ili mboni zao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, kwa malipo ya sarafu ya kidijitali yenye thamani ya takriban Sh7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mapema Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba data hiyo ilikusanywa kinyume cha sheria, na ikaagiza ifutwe chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Neno la siri likiibwa hubadilishwa. Mboni ya jicho haibadilishwi.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo huihesabu data ya maumbile, kama uso, alama za vidole na mboni, kuwa taarifa nyeti. Sheria hiyo humpa mwananchi haki ya kuelezwa data yake itatumiwaje, kuiona, kuomba isahihishwe au ifutwe, na kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria hiyo ina meno. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na mifano hiyo, mwananchi anayekutana na teknolojia hii anaweza kujiuliza maswali manne.

Kwanza, mashine imeulizwa nini? Swali finyu, kama vile iwapo jani hili lina batobato, hujibika vizuri kuliko swali pana kama vile iwapo mtu huyu ni mwaminifu. Anayedai kwamba kompyuta yake husoma tabia ya mtu usoni anapaswa kutiliwa shaka.

Pili, ilifundishwa kwa picha za wapi? Programu iliyofunzwa kwa mashamba, ngozi na barabara za kwingine haina budi kujaribiwa upya hapa kabla ya kuaminiwa.

Tatu, picha zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Katika simu nyingi za kisasa, alama ya uso inayofungua simu hubaki ndani ya kifaa. Uso uliotumwa kwa kampuni ya mikopo huenda ukakaa katika hazina nje ya nchi.

Nne, nani atajibu mashine ikikosea? Katika Serengeti, picha zenye utata hupelekwa kwa binadamu. Katika kifua kikuu, eksirei hufuatwa na kipimo cha makohozi. Mfumo unaomhukumu mtu kwa kosa, mkopo au kazi unapaswa kuwa na angalau utaratibu kama huo, pamoja na mlango wa kukata rufaa.

Kwa wakazi wa Lukenya na vitongoji vyake, maswali hayo yanahusu pande zote mbili za ua. Upande mmoja wamo wanyama ambao picha zao zinaweza kuonyesha ni njia zipi hazifai kuzibwa. Upande wa pili wamo watu wanaoishi katika mitaa mipya yenye kamera kwenye malango na nguzo. Wenye kamera hizo ni majirani, kampuni na serikali, na wakazi wanaweza kuwauliza maswali hayo manne.